Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Ilianza kwa mwasho, Jumatatu alfajiri,
pembeni mwa mdomo, kama sindano inayogusa bila ya kudunga.
Naijua. Huja kila nikichoka, tangu usichana wangu:
mara punje moja, mara kishada,
malengelenge yamebanana kama karafuu kwenye konyo lake.
Marehemu mama alikuwa akisema, "Homa imetoka, shukuru,"
akinipa maji kwa kikombe alichonywea yeye.
Wiki ya pili ikamtoka naye. Hatukuunganisha.

Lakini Jumatatu hii, nyumbani kwetu Jadida,
kulikuwa na mtu wa siku tisa:
Shaame, wa kaka yangu Faki,
ngumi mbili na kilio, na harufu ya maziwa shingoni.

Nesi Hidaya alishaniambia, nilipompeleka Raya kliniki,
bila ya kuinua macho kwenye daftari:
"Hicho chako, kwako ni aibu ya wiki moja.
Kwa kitoto kichanga ni moto juu ya makuti.
Kikirudi, usimbusu. Na mikono, sabuni.
Usingoje kipasuke."

Basi nikafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe changu cha bati.
Taulo langu nikalianika peke yake, kwenye kamba ya juani.
Kijiko changu nikakilaza pamoja na mikasi ya cherehani.
Ncha ya kanga, ile tunayofutia kila kitu,
jasho, pua za watoto, sufuria,
nikaichomeka kiunoni isinishawishi.
Kijiti changu cha wanja sikumwazima mtu.
Kikiwasha, nakalia mkono.
Nikisahau nikakigusa, naenda mtungini:
kata, sabuni ya mche, baina ya vidole, chini ya kucha,
kama natia udhu wa sala isiyo na jina.

Alhamisi wakaja wageni.
Ukumbi ukanukia udi na uji wa pilipili manga.
Mtoto akapitishwa mkono kwa mkono, shavu kwa shavu,
akafika kwangu. Nikarudi nyuma.
"Mpe Mafunda," nikasema.

Kimya.
Kisha Bi Mwanakhamis, mama yake Raya,
kwa ile sauti ya chini inayosemwa ili isikike:
"Asiyezaa, busu humwia zito."

Talaka mbili ninazo. Mimba tatu, hata moja haikufika mwezi wa tano.
Maneno nilikuwa nayo, na yote yalikuwa na makali.
Lakini kinywa changu siku ile
nilikipa kazi moja tu: kukaa mbali.

Raya ndiye aliyesema, kitandani, mshono wake haujapona:
"Mama, mtazame mdomo.
Wifi yangu ndiye pekee humu ndani
aliyempenda mwanangu mpaka akaogopa kumgusa.
Na wewe Mafunda, hako kapele chini ya pua ni ka nini?
Hebu nipe mtoto."

Ungeona mikono ilivyopanda midomoni, ukumbi mzima!
Nikacheka. Kidonda kikapasuka, kikauma.
Nikaenda mtungini.

Kigaga kilianguka siku ya kumi na moja.
Sikukiamini. Nikangoja ngozi iwe ngozi.
Kikombe nikakichemsha; uzi sikuufungua,
maana mgeni huyu hana kwao pa kurudi,
hujilaza ndani ya mishipa, akisubiri nichoke tena.

Nikasimama mbele ya kitanda. "Sasa?"
Raya akafunua mguu tu.
Nikainama. Wayo ulikuwa na joto, na mafuta ya nazi,
na vidole vikakunjuka kimoja kimoja.

Nilipogeuka, Bi Mwanakhamis alikuwa uani.
Hakuniambia kitu.
Alikuwa anatafuta sabuni.